Sauti Iliyotuvuta Hadi Tanga

Habari zinazozunguka sokoni Katangi kuhusu safari yangu ya Tanga hazina mpangilio. Mmoja ameniuliza kama ni kweli nilimfukuza mkwe wangu baada ya kula chakula chake. Mwingine ameuliza kama ni kweli Mama Mwende alikataa kurudi nyumbani. Yote mawili si kweli, ingawa kila moja limepita karibu na ukweli. Niliongoza masjala ya ofisi ya wilaya mpaka nikastaafu, na sikuwahi kuruhusu faili imfikie mkubwa ikiwa na kurasa zilizopangwa kichwa chini. Kwa hiyo waliouliza wasome. Wasiouliza wasome pia, maana hao ndio wanaoongeza chumvi.

Chanzo cha safari kilikuwa hiki. Binti yetu Mwende anafanya kazi Tanga, katika kampuni ya mkonge, akikagua ubora wa nyuzi. Alituarifu kwamba amepata mchumba, mtu aitwaye Masanja, na kwamba tutaletewa salamu kwa simu kabla ya jambo lolote lingine. Salamu zikaja kwa ujumbe wa sauti. Ilikuwa sauti ya mwanamume, laini, isiyo na haraka, yenye lafudhi ya pwani ambayo wengi wetu huisikia redioni tu. Mama Mwende aliisikiliza jikoni, akaisikiliza shambani, kisha akawapelekea wenzake wa chama. Mama Kioko, mjane na mzee wa kanisa, alikuja nyumbani kwangu kuomba irudiwe, akaisikiliza akiwa amefumba macho.

"Mtu wa kuongea hivi hawezi kugombana na bibi yake," akasema.

"Acha agombane," mwenzake wa chama aliyekuja naye akamjibu. "Mimi nitakaa nisikilize tu."

Nilishtuka. Hawa ni watu wazima. Hakuna hata mmoja aliyeuliza mtu huyo ni wa ukoo gani, anaabudu wapi, wala kama ana familia nyingine. Nyumba yangu ilikuwa imekubali mkwe kwa sababu ya lafudhi. Nikaamua kwenda Tanga kumwona kwa macho, na nikatangaza waziwazi kwamba nikimkuta hafai, Mwende atarudi nami Katangi. Mama Mwende akasema tutakwenda sote. Nilidhani anakuja kunisaidia kuchunguza.

KATANGI HADI TAVETA

Tulipanda basi la kuelekea Mombasa pale Kyumvi, tukashuka Voi, tukapata gari lingine hadi Taveta. Sehemu hiyo haikuwa na neno. Tulilala kwa Nduku, dada yake Mama Mwende, aliyeolewa huko zamani. Alitupikia muthokoi kama wa nyumbani, mahindi na maharagwe yameiva sawasawa, lakini alipofungua kinywa nilishtuka kwa mara ya pili. Mtu aliyezaliwa Katangi, jirani na kisima chetu, alikuwa akisema "jamani" na kuvuta maneno kama anayeyapima kwa utepe.

Mama Mwende hakungoja hata sahani ziondolewe. Akatoa simu, akacheza ule ujumbe. Nduku alisikiliza, akatikisa kichwa polepole.

"Huyu ni mtu wa Tanga kabisa," akasema. "Watu hawa, shemeji, wanaweza kukuambia nyumba yako inaungua na ukawajibu asante."

"Hilo ndilo ninaloogopa," nikamwambia.

"Wewe unaogopa kitu kitamu," Mama Mwende akasema. "Kwani sauti nzuri iko na makosa gani? Nimekaa na yako miaka hii yote sijalalamika."

Wakacheka, dada wawili. Mimi nilikwenda kulala.

MOSHI

Habari za mpakani Holili naziacha, kwa kuwa hazina la kumfaidi mtu. Moshi tuliingia hoteli ndogo karibu na stendi kula chakula cha asubuhi. Msichana mhudumu alikuja, akainama kidogo.

"Shikamooni."

Mama Mwende, ambaye huko kwetu husalimiwa kwa habari na kujibu kwa mzuri, akamjibu kwa moyo wote, "Na wewe shikamoo." Msichana akajizuia kucheka. Nikaona niiokoe hali.

"Nipe chai mbili na chapati nne," nikasema, kwa sauti ile ile ambayo nimeagizia chai maisha yangu yote.

Akanitazama. "Baba, sema tena."

Nilidhani hakusikia. Nikarudia, neno kwa neno. Akageuka jikoni akaita, "Dada Rehema, njoo umsikie baba." Dada Rehema akatoka na mwiko mkononi. Nikaombwa kuagiza kwa mara ya tatu, na kwa kuwa nilikuwa na njaa, nikaagiza.

"Anaongea vizuri," Rehema akamwambia mwenzake, kana kwamba sipo. "Kama anampiga mtu rungu, lakini vizuri."

"Baba ni wa wapi?"

"Machakos," nikajibu.

Wakatazamana kwa furaha wakalirudia jina hilo, kila mmoja kwa namna yake, wakijaribu kuliangusha kama nilivyoliangusha mimi. Sikujua niliweke wapi jambo lile. Kwetu, mnajua, lafudhi ya Kikamba huigizwa na wachekeshaji redioni, na kijana wetu akienda kutafuta kazi Nairobi hujitahidi kuificha. Mimi mwenyewe niliandika barua za serikali kwa Kiswahili ambacho hakuna mkubwa aliyewahi kukirudisha kisahihishwe. Sasa hapa, mbele ya chapati, nilikuwa nimegeuzwa burudani. Nilikula nikiwa nimeudhika. Niseme pia, ili habari iwe kamili, kwamba chapati zilizoletwa zilikuwa tano.

MOMBO

Basi la Tanga liliondoka vizuri. Milima ya Same ikapita, na mashamba ya mkonge yakaanza. Tulipofika Mombo, gari likatoa mlio, likasimama kando ya barabara. Kondakta akasimama mbele, akakunja mikono kifuani.

"Ndugu zangu abiria, wazazi wangu, nawaombeni radhi. Gari letu limechoka, limeomba kupumzika kidogo. Fundi amekwisha pigiwa simu, yuko njiani anakuja. Tushukeni, tunyooshe miguu, tupate hata kikombe cha chai. Mungu atatufikisha."

Sasa sikilizeni lililonishtua. Abiria walimshukuru. Mzee mmoja alimwambia, "Asante, mwanangu," na Mama Mwende, ambaye ingekuwa barabara yetu ya Kangundo angekuwa amekwisha kudai nauli yake, alimpa pole. Nikamfuata kondakta nje.

"Fundi anatoka wapi?"

"Anakuja, mzee wangu."

"Sijauliza kama anakuja. Nimeuliza anatoka wapi."

"Si mbali, mzee wangu. Ondoa shaka."

Fundi alikuwa akitoka Korogwe, na alikuwa hajaondoka. Nililipata hilo kwa muuza machungwa, si kwa kondakta. Tulikaa Mombo mpaka jua likageuka. Wakati huo muuza machungwa huyo huyo alikaa na Mama Mwende kivulini na kumwita mama yangu, mama yangu, na kumwambia kwamba chungwa litakalokosa utamu amrudishie maganda. Alimuuzia kikapu kizima. Nilimuuliza tutafanya nini na kikapu cha machungwa.

"Sikutaka machungwa," akasema Mama Mwende bila aibu. "Nilitaka aendelee."

Hapo nilielewa kwamba msaidizi wangu wa uchunguzi nimempoteza.

KITUONI TANGA

Kwa sababu ya kuchelewa kule, Mwende, aliyekuwa amepanga kutupokea, alikuwa ameingia zamu yake kazini. Tuliposhuka tukamkuta mwanamume wa makamo, amevaa kanzu na kofia safi, anatungoja. Nyuma yake alisimama mtu mwingine, mkubwa wa mwili, mweusi wa jua, ambaye alichukua mizigo yetu pamoja na kikapu cha machungwa bila kusema neno.

"Karibuni, karibuni sana, wazee wangu," akasema yule wa kanzu. "Poleni na safari. Mmeteseka njiani, na sisi roho zetu zilikuwa juu juu tukiwangoja."

Mama Mwende akanishika mkono. "Ndiye," akanong'ona.

Na kweli ilikuwa sauti ile ile. "Wewe ndiye uliyetuletea zile salamu?" nikamuuliza, nipate kuthibitisha.

"Ndimi, mzee wangu, na nilizileta kwa heshima zote."

Sikumtazama tena kama mwenyeji. Nilianza kumkagua. Umri: alikuwa amepita arobaini, na Mwende hajafika thelathini. Dini: kofia ilikuwa imekwisha kunijibu, na nilianza kufikiria nitamweleza nini mchungaji wetu. Tulipokuwa tukitembea kuelekea kwake, majirani walimsalimu mmoja baada ya mwingine. "Habari za jioni, Baba Saida." "Salama, Baba Saida?"

Baba Saida. Nikasimama katikati ya njia. Mtu huyu alikuwa na mtoto.

"Tembea," Mama Mwende akaniambia kwa Kikamba. "Labda mama wa mtoto alikufa."

NYUMBANI KWA BABA SAIDA

Hakuwa amekufa. Tulipoingia uani, mama mmoja mchangamfu aliyejitanda kanga alitutokea na birika la kunawia mikono.

"Na huyu ndiye mke wangu, Bi Zuhura," akasema Baba Saida, kwa sauti ya kutosha kumlaza mtoto.

 Mambo matatu niliyokuwa nimeogopa, umri, dini na familia nyingine, yote yalikuwa kweli, na la tatu lilikuwa limebeba birika. Nilitaka kuondoka hapo hapo. Lakini chakula kilikuwa kimekwisha kuandaliwa mkekani, wali wa nazi na samaki wa kupaka, na huyo mama alikuwa ametupikia sisi, watu waliokuja, kama nilivyoona mimi, kumletea mke mwenzake. Nilikula kwa huruma. Yule mtu wa mizigo alikuwa akiingia na kutoka, akileta limau, akileta maji. Nilimwambia "Nipe chumvi," akanipa, akainamisha kichwa.

Tulipomaliza, Baba Saida alikaa vizuri, akasafisha koo.

"Wazee wangu, kwetu mgeni haulizwi neno kabla hajashiba. Sasa mmeshiba. Sisi tumeona ua kwenye bustani yenu, na tumekuja kwa unyenyekevu kuuliza kama lina mwenyewe—"

Nikainuka. "Bwana, ishia hapo. Nimekula chakula chako na nakushukuru. Lakini binti yangu amelelewa kanisani, na hataolewa kuwa mke wa pili. Tena namshangaa mama huyu anayekaa hapa akitabasamu wakati mambo haya yanasemwa mbele yake."

 Bi Zuhura aliweka chini sinia aliyokuwa ameshika.

"Mke wa pili?" akasema taratibu. "Baba Saida, kuna jambo nimefichwa?"

"Mke wangu, hata mimi ndio nalisikia sasa."

"Maana kama ni Mwende, mimi nampenda, lakini ungeniambia nipange vyumba."

"Zuhura, usinitie hatiani mbele ya wageni." Kisha akanigeukia, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa inakwaruza. "Mzee wangu, mimi naitwa Hemedi. Mimi ni mshenga. Napeleka posa ya watu. Anayetaka kuoa ni mpangaji wangu. Wazazi wake wako mbali, Shinyanga, basi sisi ndio tumesimama badala yao. Huku kwetu kijana hajisemei kwa wakwe. Anasemewa."

"Basi ulitudanganya kwa simu," nikasema. "Ulileta sauti yako mahali pa sauti ya mtu mwingine."

"Mzee, nilijitaja mwanzoni kabisa."

Nikamwambia Mama Mwende acheze ule ujumbe. Aliucheza, tukasikiliza sote. Na pale pale, baada ya salamu tu, ile sauti ilisema kwa ufasaha: jina langu ni Hemedi, natumwa na kijana wetu Masanja, mtu mzima wa kanisani, fundi wa mitambo, ambaye kwa adabu hasemi mwenyewe, mimi ndimi mdomo wake. Ilitaja ukoo wake, na kwamba hajawahi kuoa. Ilitaja kijiji cha wazazi wake. Kila nililolalamika kwamba hakuna aliyeliuliza lilikuwa limejibiwa kabla sijaondoka Katangi. Chama kizima cha akina mama kiliusikiliza ujumbe ule, mjane na mzee wa kanisa aliusikiliza, mimi niliusikiliza kupitia mlango wa sebule kila jioni, na hakuna mmoja wetu aliyekuwa amesikia neno hata moja. Tulikuwa tumesikia wimbo tu.

Sijawahi kushtuka namna ile.

"Yuko wapi huyo Masanja?" nikauliza nilipoweza.

Bi Zuhura akaelekeza kidevu mlangoni. Yule mtu wa mizigo alikuwa amesimama pale, chombo cha chumvi bado kiko mkononi.

MWENYE MANENO

Hemedi alipinga. Alisema si desturi, kijana atakosa adabu akisema mbele yangu. Nilimjibu kwamba Katangi pia tuna wasemaji, lakini mtu hasemewi mpaka akapotea. Nikamwita Masanja akae mbele yangu.

"Shikamoo, mzee," akasema.

Mama Mwende alishtuka wazi. Ilikuwa sauti nzito, ya polepole, isiyopanda wala kushuka, ya mtu wa Usukumani aliyejifunza Kiswahili akiwa mkubwa, karakana hadi karakana. Pwani haikuwemo hata kidogo. Nilimwona Mama Mwende akimtazama Hemedi, kisha Masanja, kisha Hemedi tena, kama mtu aliyeonyeshwa kitenge dukani na kufungiwa gunia.

"Hapana," akaniambia kwa Kikamba. "Hata mimi nakataa sasa. Twende nyumbani."

Hapo ndipo Mwende alipoingia kutoka kazini, nywele zimejaa vumbi la katani, akakuta watu wote wamenuna. Alitusalimu, akauliza kuna nini. Mama yake hakuficha.

"Mwende, hii si ile sauti."

"Sauti gani, mwaitu?" akauliza, akimwita mama kwa Kikamba.

"Ile ya simu."

 "Ile ni ya mwenye nyumba, mwaitu. Ndiyo anayodaia kodi. Ukiamshwa nayo mwisho wa mwezi hutaitaka."

Bi Zuhura alicheka mpaka akajifunika kanga usoni. Hemedi akasema kwamba yeye hudai kwa upole. Mwende hakucheka. Akakaa chini, si karibu na mama yake, bali karibu na mlango. Alikuwa amengoja siku hii, na wazazi wake walikuwa wamekuja kuiharibu, mmoja kwa sababu ya sauti kuwa nzuri na mwingine kwa sababu ya kuwa mbaya.

Nikamgeukia Masanja. "Kijana, wewe binafsi, bila mshenga. Ulimpendea nini binti yangu?"

Alifikiri. 

"Anavyoongea," akasema.

Nilidhani ananidhihaki. "Anaongeaje?"

"Mimi mzee sijui maneno. Hapa nimekaa miaka mingi. Naomba kitu ofisini, wananijibu vizuri sana, natoka nimefurahi. Nikifika nje ndio najua wamekataa." Akamtazama Hemedi. "Samahani, baba." Kisha akaendelea. "Siku ya kwanza nilimwambia Mwende mashine itakuwa tayari kesho. Akasema, 'Wewe fundi, hiyo ni uongo.' Na ilikuwa uongo. Lakini alivyolisema. Neno linatoka, linasimama. Halafu linatoka lingine. Nikaanza kwenda stoo yake kuuliza vitu ambavyo navijua. Wenzake wanamcheka, wanamwiga. Akaanza kuongea kama wao. Nikamwambia tafadhali, kwangu usibadilishe. Hata akipiga simu kwenu kwa Kikamba, na sielewi kitu, mimi huzima redio."

Mwende alikuwa ameinamisha uso.   Sijawahi, katika maisha yangu, kumsikia mtu yeyote akizima redio ili asikilize lafudhi ya Katangi. Hata sisi wenyewe hatuifanyii hivyo.

Nikamweleza Masanja habari ya ntheo: kwamba kwetu mwanamke hajawa mke wa mtu, hata angezaa naye, mpaka mbuzi wa ntheo wafike kwa wazazi wake.

"Wangapi?" akauliza.

Hemedi alifumba macho kwa aibu ya swali lile lisilo na kilemba wala kanzu. Mimi lilinipendeza.

"Watatu," nikamjibu. "Na ukuje wewe mwenyewe."

Bi Zuhura aliniomba niliseme tena hilo la mwisho, na nikalisema.

Ilibaki kazi ya Mama Mwende. Alimenya chungwa, kisha akatoa sharti lake: mbuzi watapokewa, lakini bila Hemedi yeye hatoki jikoni, kwa kuwa amewaahidi wanawake wa chama kwamba wataisikia ile sauti ikiwa na mwili wake. Tulijadiliana hilo hadi chai ikapoa, tukaafikiana. Hemedi atakuja Katangi na atasema yote yanayosemwa na mshenga, kwa urefu anaoutaka. Ahadi kwa binti yangu ataitoa Masanja, kwa kinywa chake.

Ninyi mlioniuliza kama mmealikwa siku ya ntheo, mmealikwa nyote. Nawaomba jambo moja. Siku hiyo Hemedi atakapomaliza, na najua mtakavyokuwa mmekaa, msipige makofi mkainuka kwenda kutafuta nyama. Atasimama mtu mmoja mkubwa, mpole, ataongea polepole bila mapambo yoyote. Huyo ndiye msikilizeni, na mshike anachosema, maana mimi na Mama Mwende tutakuja kuwauliza.